Uani Hakuna Anayejibu

Kila jioni, mchezo unapofunguka na injini nne kuanza kunguruma, sauti ya mwanamume huuliza neno moja: "Uani?" Huuliza, hunyamaza, husubiri. Zamani jibu lilirudi kabla hajameza mate: "Uani kweupe, twende." Siku hizi hakirudi kitu. Husikika tu ule mchakacho mdogo wa mtandao, kama mtu anayekunjua karatasi chumba cha pili, kisha mwanamume hukohoa na kusema, kama anayejisemea, "Haya, tunapaa hivyohivyo." Na ndege hupaa, mkia wake wazi kama mlango ambao kila mtu wa nyumbani alidhani mwenzake ameufunga.

Anayeuliza ni kaka mdogo. Aliyekuwa akijibu ni dada yake, na kila aliyecheza mchezo ule kwa muda wa kutosha alimjua kwa jina la Mkia, ingawa karibu wote hawakuwahi kuiona sura yake. Walimjua kwa sauti, na zaidi kwa yaliyowapata walipomkaribia.

Mchezo wenyewe ni wa kompyuta. Watu waliotawanyika huku na huko, kila mmoja chumbani kwake, huketi mbele ya skrini wakarusha ndege za vita vya zamani, zile za mapanga yanayozunguka puani, na kupigana angani kupitia mtandao. Wengi hutaka ndege ndogo za mtu mmoja, zenye mbio na mbwembwe. Wachache huchukua ndege ya mabomu, dude zito lisiloweza kukimbia wala kujificha, ambalo hubeba watu watatu: rubani mbele, mdondosha mabomu puani, na mpiga bunduki mkiani. Huyo wa mkiani hukaa amewapa wenzake mgongo, ndani ya kizimba cha kioo, magoti yakikaribia kugusa kidevu. Haoni waendako. Anaona walikotoka tu. Hashiki usukani, haamui wakati wa kwenda wala wa kurudi. Kazi yake ni moja: asikubali kitu kuwafikia kwa nyuma.

Mwenzao aliyekaa puani, mwalimu wa hesabu ambaye wote walimwita Mwalimu, aliwahi kumuuliza kwa nini alichagua kiti kile.

"Sikukichagua, Mwalimu," Mkia alijibu. "Nilikikuta kitupu."

Na kweli, hata maisha yake mengine yalikuwa ya viti vilivyokutwa vitupu. Nyumba ya mama yake ilikuwa na vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa. Cha mbele kilitazama barabara. Cha kati kilikuwa cha mama. Cha nyuma kilikuwa chake, na dirisha lake lilitazama ukuta wa ghala la jirani, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unagusa plasta iliyobanduka. Jua liliingia pale adhuhuri kwa kitambo, likapangusa meza, likaondoka. Kutoka chumba cha nyuma kwenda barabarani hapakuwa na njia nyingine ila kupita kando ya kitanda cha mama.

Mama alikuwa opereta wa simu katika ofisi moja kubwa, enzi za kuchomeka na kuchomoa waya. Aliwaunganisha wakubwa na wake zao na, kama alivyopenda kusema mwenyewe, mara nyingine wakubwa na wasio wake zao. Masikio yake yalibaki ya kazini hata alipostaafu. Miguu ndiyo iliyomkatalia. Ilianza kwa kulegea, ikaendelea kwa kuanguka bafuni, ikaishia kitandani. Binti wakati huo alikuwa muuzaji kwenye duka la dawa, na palikuwa na mwanamume mmoja, fundi wa friji, aliyekuja mara kwa mara kununua vidonge vya kichwa kisichomuuma. Binti aliacha kazi kwa muda, amtazame mama. Muda ule haukusema unaisha lini. Fundi wa friji alisubiri kwa heshima, akapunguza kusubiri, mwishowe akapata mahali pengine pa kununua vidonge.

Akaanza kushona palepale chumba cha nyuma. Si nguo nzima, kwa sababu nguo nzima hutaka mteja aje apimwe mara mbili tatu na mama hakupenda watu kupitapita kando ya kitanda chake. Alibadilisha zipu. Suruali, mabegi, majaketi, mahema ya watu wa mikutano. Watu walimkabidhi mlangoni, wakarudi kuchukua. Mtaani alijulikana kama Fundi Zipu. Mama alikuwa na kikombe cha bati na kijiko, na kwa hivyo viwili alimwita: kugonga kwa upole ni maji, kugonga kwa nguvu ni nigeuze, na kugonga bila kukoma ni njoo, usiniulize.

Kompyuta aliiacha kaka mdogo alipohamia mji mwingine kuuza vifaa vya simu. "Usije ukawa mpweke, dada," alisema, akiwa tayari ameinua begi. Tangu utotoni walimwita Kona. Akitumwa dukani alikata kona. Akiitwa kuosha vyombo, kona. Siku ya kumbeba mama kutoka bafuni mara ya kwanza, alikuwa amekata kona kwenda kutafuta teksi ambayo haikuhitajika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na maneno matamu na kicheko kilichowafanya watu wamsamehe kabla hajaomba. Alikuwa tu mtu ambaye mwili wake uliijua njia ya pembeni kabla akili haijaamua.

Yeye ndiye aliyemwingiza dada kwenye mchezo, kwa simu, akimfundisha hatua kwa hatua. Jioni ya kwanza iliharibika kwa sababu ya mielekeo. Katika mchezo watu hutaja pande kwa namna mbalimbali, na Kona kila mara alichanganya. Nyigu (ndivyo walivyoziita ndege ndogo za adui) akatokea nyuma, na dada, akiwa na hofu, akapiga kelele:

"Anakuja uani! Kona, uani!"

Puani Mwalimu aliangua kicheko. "Uani! Na mimi niko sebuleni, karibuni chai!"

Lakini Kona alielewa papo hapo, kwa sababu uani ni uani, hata ukiwa usingizini unajua ni wapi. Kuanzia siku hiyo walirusha ile ndege kama nyumba ya mama yao. Mbele ni mlangoni. Nyuma ni uani. Juu ni darini, chini ni uvunguni. Kushoto dirishani, kulia jikoni. Wengine walipowasikia walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu wakati wao wanahesabu digrii hawa watatu walikuwa wameshageuza bunduki.

Na huyo dada, ambaye mkono wake ulizoea kufuata meno madogo ya zipu bila kuruka hata moja, alikuwa na kipaji.

Wapiga bunduki wengi hufyatua mara tu wanapomwona adui. Risasi zinakwenda, zinainama, zinaanguka. Mtutu unashika moto, unakwama. Adui akifika anamkuta mtu anayehangaika na chuma kilichokufa. Yeye alimwacha nyigu aje. Alimwacha awe vumbi kwenye kioo, awe inzi, awe ufunguo uliotupwa hewani. Aligundua jambo ambalo wenye papara hawaligundui: anayekufuata nyuma moja kwa moja, ukiwa mkiani, ni kama amesimama. Haendi dirishani wala jikoni. Anakua tu. Ukimvumilia hadi mabawa yake yagusane na kingo za duara la shabaha, huhitaji kumlenga mbele wala nyuma. Unagusa kifyatulio kidogo, unaachia. Unagusa, unaachia. Unalenga pua, penye injini, unasubiri moshi.

Tatizo lilikuwa rubani. Mtu yeyote akisikia kuna kitu nyuma yake, mkono unataka kupinda. Lakini ndege ikipinda, mkia unachezacheza, na duara linakwenda likitafuta shabaha kama mlevi anayetafuta tundu la kitasa. Rubani anadhani anamkwepa adui. Kumbe anamkwepa mwenzake.

"Subiri," alikuwa akisema, sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto kulala. "Usiyumbe, Kona. Shika hapohapo."

"Dada, anakuja!"

"Namwona. Ndiyo kazi yangu kumwona. Wewe tazama mlangoni."

"Dada!"

"Subiri..."

Kisha mlio mfupi, kama zipu inayofungwa upesi. Kisha moshi.

Chumba cha kati, mama alikuwa akisikiliza yote. "Umempiga?" aliuliza kupitia pazia.

"Nimempiga, mama."

"Maskini, mtoto wa watu. Na mimi nilivaa madude hayo masikioni miaka yote ile, lakini mimi nililipwa."

Palikuwa na sehemu moja tu waliyoiogopa. Ndege yao haikuwa na bunduki tumboni. Nyigu mjanja hakuja uani, alipanda kutoka uvunguni, taratibu, mahali ambapo Mkia hata angejipinda shingo asingemwona. Dawa ilikuwa rubani kushuka na kuruka chini kabisa, karibu na ardhi, ili uvungu usiwepo. Kona hakupenda kuruka chini, kulimtisha. Lakini dada alipomwambia alishuka, na miti ya mchezo ikapita chini yao kama nyasi.

Miaka ikaenda hivyo. Mchana zipu na kikombe cha bati, jioni mbingu. Ila zilikuwa mbingu za kutazama kwa nyuma, na kila safari iliishia kwa kijiko kugonga bati.

Ndipo ikaja habari ya fainali. Waandaaji wa mashindano walichagua vikosi vichache vikutane ana kwa ana, katika ukumbi mmoja kwenye mji wa mbali. Kila kikosi kamili, watu wote ndani ya ukumbi, hakuna anayecheza akiwa kwake. Kikosi chao kilikuwemo. Kona alipiga simu akipiga kelele mpaka mama akasikia bila kipaza sauti.

Dada hakupiga kelele. Alishika simu sikioni, akitazama ukuta wa ghala. Hakuwa akiwaza kushinda. Alikuwa akiwaza kwamba atakaa ndani ya gari na kiti chake kitatazama mbele.

"Na mama?" aliuliza mwishowe.

"Shangazi," Kona alisema. "Atakuja kukaa naye. Siku mbili tatu tu. Hilo niachie mimi, dada. Wewe usifanye chochote. Umefanya vya kutosha. Hili moja niachie."

Mama alipoulizwa alikubali. Shangazi alikuwa dada wa marehemu baba, mwanamke mwenye mikono minene na utani wa kuudhi, na mama alisema angalau atapata mtu wa kugombana naye. Jirani wa mlango wa pili naye aliahidi kuchungulia mchana, ingawa usiku hangeweza, ana watoto wachanga.

Kwa hiyo dada akajishonea begi. Alikata kitambaa kigumu cha kijani alichobakiwa nacho kwenye hema la mtu, akalitia mifuko ya ndani, na katika lile boksi la zipu ambamo kwa miaka alikuwa amechagua kwa ajili ya wengine, akachagua moja ya shaba, nzito, inayofunga kwa sauti. Ilikuwa zipu ya kwanza kuishona kwa ajili yake mwenyewe. Alifunga na kufungua mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mama alisikia. "Hilo begi litakufa kabla halijasafiri," alisema.

"Nalijaribu tu."

"Jaribu, mwanangu. Jaribu."

Kila alipomuuliza Kona habari za shangazi, jibu lilikuwa lilelile: usijali, nimeongea naye, usijali. Na dada, aliyezoea kusoma umbali kwa jicho, alihisi kitu. Lakini kilikuwa mbali bado, vumbi tu kwenye kioo, na tabia yake ilikuwa kusubiri.

Kona alifika mchana wa kuamkia safari. Alikuja peke yake. Alipita kando ya kitanda, akambusu mama kwenye paji la uso, akaingia chumba cha nyuma akaketi ukingoni mwa kitanda cha dada yake, kofia mkononi.

"Shangazi yuko wapi?"

"Dada, yaani, we acha tu. Shangazi kaenda kwa mwanawe. Kajifungua yule binti yake. Nimempigia, hata mimi kanishtua."

"Umempigia lini?"

"Nimempigia..." Akageuza kofia. "Tumeongea."

"Lini, Kona?"

"Leo asubuhi. Lakini nilimtumia ujumbe kabla. Nadhani hakuuona."

Kwenye meza begi la kijani lilikuwa limeshajaa, limefungwa. Kona alilitazama, akainuka ghafla, na sauti yake ikapanda kama mtu anayetoa hotuba.

"Basi mimi nabaki! Sikiliza, dada, nenda wewe. Mimi nitabaki na mama. Mimi si mwanawe? Mtatafuta rubani mwingine hukohuko. Nabaki mimi, yameisha."

Alisema upesi. Alisema kabla hata dada hajamgeukia vizuri, na alisema kwa sauti ya kufika chumba cha kati. Pazia likatulia. Kisha kijiko kikagonga bati, bila kukoma.

Wote wawili wakaingia. Mama alikuwa amejiinua kwa viwiko, jambo ambalo hakulifanya kwa urahisi.

"Nani anabaki?"

"Mimi, mama," Kona alisema. "Nitakutunza vizuri tu."

"Utanitunza. Utanigeuza?"

"Nitakugeuza."

"Utanifulia hizi nguo za chini? Utaniosha, wewe? Utanifunua?"

Kona alitazama sakafu.

"Mtoto niliyemzaa mimi, mwanamume mwenye ndevu, anishike mimi mwilini nikiwa hai, macho yangu yakiona hivi?" Sauti ya mama ilikuwa imara kama siku za waya. "Labda nikiwa maiti, mwanangu. Na hata hapo watakuwepo wanawake."

"Mama, hospitali mbona wanaume—"

"Hospitali siwajui. Wewe nakujua. Nimekuosha wewe."

Mama akajilaza tena, akageuzia uso ukutani, na dada akaona mkono wake umekishika kijiko kama mtu aliyeshika chuma cha basi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaona haya, na haya ile ilikuwa kubwa kuliko chumba. Dada alilijua hilo tangu siku ya bafuni. Katika mipango yake yote, akiwaza gari, njia, ukumbi na bunduki, hakuwahi kuwaza kwamba kuna siku mtu angemtaka mama amvulie nguo mwanawe wa kiume. Hapo ndipo uvunguni pake palipokuwa.

Lakini kilichomkaa rohoni si kukataa kwa mama. Ni upesi wa Kona. Mtu anayetaka kubaki kweli husitasita, huuliza chakula kiko wapi, dawa ni zipi, usiku anaamka mara ngapi. Kona hakuuliza. Alijua mama atasema nini. Alikuwa amejitolea kama wanavyofyatua wale wenye papara, kutoka mbali, kwa kelele, mahali ambapo risasi haiwezi kumfikia mtu.

Walirudi chumba cha nyuma.

"Basi wote tubaki," Kona alisema, safari hii taratibu. "Tuwaambie tumejitoa."

"Na Mwalimu?"

"Mwalimu ataelewa."

"Mwalimu ameomba ruhusa shuleni kwake. Ameniambia mara tatu." Akavuta kiti, akaketi mbele ya chereheni. "Nenda, Kona."

"Kuna jamaa wa benki, anapiga vizuri kidogo. Nilikuwa nimemdokeza tu, in case—" Akajikata. "Yaani, kama ingetokea dharura."

"Ulimdokeza lini?"

Nje mtu alikuwa akishusha mizigo ghalani, na kila mzigo ulipotua ukuta ulitikisika kidogo.

"Begi lako zipu imekufa," dada alisema.

Ilikuwa kweli. Begi la Kona lilikuwa limefungwa kwa kamba ya kiatu. Aliliona tangu alipoingia, kama anavyoona zipu za watu wote. Alilichukua, akazimwaga nguo kitandani, akafumua mshono kwa wembe. Mikono yake haikumuuliza. Akatafuta boksini, ya saizi ile haikuwepo. Kisha akalivuta begi la kijani, akatoa vilivyokuwemo, akafumua ile ya shaba, meno yote, taratibu bila kuchana kitambaa, akaishona kwenye begi la kaka yake.

"Dada, jamani, si lazima..."

"Usiyumbe," alisema. "Shika hapo, kitambaa kinyooke."

Na Kona, ambaye angeweza kukataa, akashika.

Fainali ilionyeshwa mtandaoni. Dada aliibeba skrini na mashine yake hadi chumba cha kati, akaviweka juu ya kabati la nguo, akavuta kiti chake cha kushonea, chenye magurudumu ambayo moja halizunguki, akaketi kando ya kitanda. Mama alivaa miwani. Ulikuwa mchana wa Jumamosi na jirani wa mlango wa pili alikuwa amekuja kuchungulia kama alivyoahidi, akaambiwa hakuna haja.

Ukumbi ulionekana mara moja: watu wengi, taa, Kona amevaa fulana ya kikosi, Mwalimu mfupi kuliko sauti yake. Jamaa wa benki alikuwa na hedifoni kubwa na mgongo ulionyooka. Kisha kamera ikaingia mchezoni, na ndege ikapaa.

"Hiyo ndiyo yenu?" mama aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Na wewe ungekuwa wapi?"

Dada akanyoosha kidole mpaka kioo. "Hapa. Mwishoni kabisa."

"Pembamba hivyo!"

Nyigu wa kwanza alitokea nyuma, mbali sana, vumbi. Jamaa wa benki akafyatua palepale. Mistari ya moto ikatoka mkiani ikaenda ikiinama, mizuri kutazama, ikaanguka mbali na kila kitu. Ukumbi ulishangilia.

"Subiri," dada alinong'ona.

Jamaa akafyatua tena, mfululizo.

"Subiri, baba, subiri. Mwache aje. Kona, usiyumbe."

Kona akayumba. Dude zima likalala upande wa dirishani, likarudi upande wa jikoni, na mistari ya moto ikachora angani kama maandishi ya mtu anayeandika ndani ya gari. Mtutu ukakwama, ilionekana kwa jinsi ulivyonyamaza. Mikono ya dada ilikuwa juu ya magoti, na kidole kimoja kiligusa, kikaachia, kikagusa, kikaachia.

"Huko chini kuna nini?" mama alisema ghafla, kwa macho ya opereta aliyezoea kuvizia taa za ubao. "Kuna kitu kinapanda."

"Uvunguni," dada alisema, sasa kwa sauti. "Shuka, Kona. Shuka chini! Uvunguni!"

Nyigu wa pili alipanda polepole, bila haraka, kama mtu anayepanda ngazi za kwake. Ndege ilishika moto katikati. Kutoka tumboni moto ulitembea kwenda mbele na nyuma, na kwa kitambo kirefu kile kizimba cha mkiani kilibaki kizima, kinang'aa, kikishuka pamoja na vingine vyote.

Dada alizima skrini.

Barabarani mtu alipita akiburuta kitu cha bati.

"Wewe ungempiga," mama alisema.

"Yule wa kwanza ningempiga."

"Na huyu wa chini?"

"Huyu ningemwambia Kona ashuke."

"Na angeshuka?"

Dada alifikiri. "Mimi nikimwambia, alikuwa anashuka."

Mama alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shuka, muda mrefu, kioo kimoja kisha kingine. "Shangazi yako ningemkubali," alisema. "Nakuapia, mwanangu. Angenifunua na kunicheka, na ningemkubali."

"Najua, mama."

"Sikukufunga mimi."

"Najua."

"Basi nigeuze. Ubavu umekufa ganzi."

Akamgeuza.

Kona alipiga simu jioni ileile, kutoka ukumbini, watu wakisikika nyuma yake. "Dada, umeona? Yule jamaa bure kabisa. Anafyatua kutoka kijiji cha tatu! Ungekuwepo wewe—"

"Kona."

"Eee?"

"Ulijua mama atakataa."

Kelele za ukumbi zilipungua; Kona alikuwa amesogea pembeni.

"Mimi nilijitolea, dada. Wewe mwenyewe ulinisikia."

"Nilikusikia. Mpaka mama alikusikia. Ulifyatua mapema."

Hakupandisha sauti, na hakumkatia simu. Alimuuliza kama amekula, kama begi limefika salama. Alimwambia amsalimie Mwalimu. Kisha akasema ana kazi, na kweli alikuwa nayo.

Siku chache baadaye Kona alifungua mchezo, akapasha injini, akauliza, "Uani?" Jina la Mkia halikuwepo kwenye orodha ya waliomo. Akadhani ni mtandao. Kesho yake akauliza tena. Mwalimu, puani, hakucheka. Walijaribu wengine kwenye kiti kile. Jamaa wa benki, mwanamke mmoja mwenye jicho zuri, wengine ambao hawakukaa hata jioni mbili. Wote walijua kupiga. Hakuna aliyejua kumwambia Kona asiyumbe kwa namna ambayo Kona angetii. Akimpigia dada simu, wanazungumza vizuri: habari za mama, habari za biashara. Akigusia mchezo, dada husema, "Mama ananiita," na mara nyingi kijiko husikika kweli.

Mama ndiye aliyelalamika waziwazi. "Nyumba imekuwa kama ofisi siku ya sikukuu," alisema siku moja. "Si uwapige wale nyigu wako? Nilikuwa napata usingizi nikikusikia."

"Nitakuimbia."

"Heri nyigu."

Kompyuta iko juu ya lile kabati, imefunikwa kitambaa cha kijani cha lile begi, lililofumuliwa mishono yote hadi likawa kitambaa tena. Begi la Kona linasafiri naye kila anapokwenda kununua mzigo, na zipu yake haijawahi kukwama.

Dada yuko nyumba ileile. Kile kiti chenye gurudumu lisilozunguka hakukirudisha chumba cha nyuma. Kiko chumba cha kati, kando ya kitanda, na hapo ndipo anaposhonea mchana kutwa.